Bwana Stokesi wa Usongo

Katika wilaya ya Kishapu Mzungu ajulikanaye kuliko wote ni John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi za Mwadui mwezi wa Machi, 1940. Jina lake limebaki katika mgodi, na habari za ukaidi na upweke wake zimesimuliwa sana. Lakini zaidi ya miaka hamsini kabla ya Williamson kuiona ardhi ile, mgeni mwingine alikuwa na jina kubwa zaidi pande zote mbili za mto Manonga, katika Usukuma kaskazini na Unyamwezi kusini. Jina hilo leo karibu limesahauliwa. Mtu huyu hakuchimba kitu wala hakujenga mji. Kazi yake ilikuwa kununua, kuuza na kupeleka mizigo ya watu, na mali yake yote ilitembea juu ya vichwa na mabega ya Wanyamwezi na Wasukuma. Aliitwa Charles Henry Stokes, na wenyeji walimwita Bwana Stokesi.

Wanahistoria wa Ulaya wamemkumbuka kwa sababu ya kifo chake. Tarehe 15 Januari, 1895, afisa wa Dola Huru ya Kongo alimnyonga msituni, na kwa kitendo hicho dola tatu zikagombana kwa karatasi muda wa mwaka mzima na zaidi. Hivyo maisha yake yamesomwa kuanzia mwisho wake, kama maelezo ya kesi. Yakisomwa kuanzia mwanzo, tena yakisomwa kutoka Usongo na si kutoka Brussels, yanaonyesha jambo jingine: namna mgeni asiye na dola nyuma yake alivyopata nguvu katika nchi ya watu, na ni nani hasa aliyempa nguvu hiyo.

Stokes alizaliwa Dublin, nchi ya Ireland, mwaka wa 1852, akasoma shule katika mji wa Enniskillen. Baba yake alipokufa akiwa yeye bado kijana, alihamia Liverpool akawa karani. Hakuwa mtu wa elimu kubwa wala wa ukoo mkubwa. Church Missionary Society, chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, kilimpokea, kikamfundisha katika mji wa Reading, kikamtuma Afrika ya Mashariki mwaka wa 1878. Alikuja kama mlei, maana yake hakuwa padre. Mtu wa namna hiyo alitazamiwa kufanya kazi za mikono na za safari, ili wenye daraja wapate kuhubiri.

Upesi ilidhihirika kwamba kipawa chake hakikuwa mahubiri. Misioni ilikuwa na vituo barani, navyo vilihitaji nguo, vyombo, dawa, vitabu na chakula cha Kizungu, na kila kitu kilipaswa kutoka Unguja, kivuke bahari mpaka Saadani, kisha kichukuliwe kwa miguu muda wa miezi mitatu hivi hata Unyamwezi, na zaidi ya hapo mpaka Ziwa. Misafara ya wamisionari ilikuwa ikivunjika njiani. Wapagazi walitoroka, mizigo iliibiwa, na watemi walidai hongo iliyozidi kwa kuona kwamba mgeni hajui bei. Msafara aliouongoza Stokes ulifika. Mwaka wa 1882 ndiye aliyeongoza msafara wa James Hannington, ambaye baadaye akawa askofu na akauawa Busoga mwaka wa 1885, katika safari yake ya kwanza ya kwenda bara.

Inafaa kueleza msafara ulikuwa kitu gani, maana msomaji wa leo aweza kudhani ni mstari wa watu wenye mizigo na bwana mwenye kofia mbele yao. Msafara mkubwa ulikuwa mji uendao. Ulikuwa na kirangozi aliyetangulia na bendera, na wanyapara waliosimamia makundi yao. Ulikuwa na wanawake waliopika na kuchukua vyombo, na askari wenye bunduki, na watoto. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani karibu ratili 70, na mchukuzi wa pembe kubwa alizidisha hapo kwa fahari. Posho ilitolewa kwa nguo: merikani nyeupe, kaniki, shanga za rangi zilizopendwa mwaka ule, na masango ya shaba. Rangi ya shanga ikiwa si ile ipendwayo, mfanya biashara alikuwa na magunia ya mali asiyoweza kuila. Huko Ugogo maji yalinunuliwa. Mwanamume wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani alirudi na heshima, naye aliyekuwa hajaliona bahari bado alihesabiwa mtoto. Tena mpagazi hakuchukua mali ya bwana tu: mara nyingi alikuwa na biashara yake ndogo pembeni, jembe moja au mawili ya kuuza njiani, au kipande cha pembe. Kwa hiyo si sawa kumwita mtumishi wa msafara. Alikuwa mshirika mdogo ndani yake, naye alijua hivyo.

Wapagazi hao walikuwa na sheria moja ambayo Mzungu hakuweza kuibadili. Walisafiri wakati wa kiangazi, na mvua zilipokaribia walitaka kuwa kwao kulima mtama na uwele. Kalenda ya biashara ya pembe, iliyotazamiwa kwa hamu na matajiri wa Kihindi wa Unguja na wanunuzi wa London na New York, iliandikwa na jembe la Unyamwezi. Mfanya biashara asiyekubali hayo alipata watu wa pwani tu, ambao walidai malipo kabla ya kuondoka na kutoroka kabla ya kufika Mpwapwa. Stokes alikubali. Aliwachukua watu wakati waliokuwa tayari, akawarudisha makwao kwa wakati, na akawalipa alivyoahidi.

Januari, 1883, Stokes alimwoa Ellen Sherratt, muuguzi wa Kiingereza, katika kanisa kuu la Unguja. Ndoa hiyo haikudumu. Mwezi wa Machi, 1884, Ellen alijifungua binti, na baada ya siku chache akafa. Mwaka uliofuata Stokes alioa tena, na mke wa pili alikuwa Limi, wa ukoo wa Mitinginya, mtemi wa Usongo.

Jina la Limi maana yake ni jua. Kwa wamisionari ndoa hiyo ilikuwa kuanguka. Mjane wa Kikristo kumwoa binti wa nchi katika desturi za nchi kulionekana kwao kama kurudi nyuma kutoka nuruni, na chama kikaachana naye. Waandishi wengi wa baadaye, hata wale waliompenda, wameieleza ndoa hiyo kama udhaifu wa mtu mpweke. Labda upweke ulikuwamo. Lakini maelezo hayo yanamtazama bwana harusi peke yake, kana kwamba upande wa bibi harusi hapakuwa na mtu mwenye akili aliyekuwa akifikiri.

Mitinginya alikuwa akifikiri. Katika miaka ile Unyamwezi ilikuwa nchi ya watemi wengi walioshindana. Mirambo wa Urambo, aliyezitia hofu nchi zote za magharibi, alikufa Desemba, 1884, na nguvu aliyoiunganisha ikaanza kufunguka. Katika Unyanyembe alikuwako mtemi Isike, karibu na Waarabu wa Tabora, ambao kwa miaka mingi waliikamata njia kuu ya pembe. Usongo ilikuwa kaskazini ya Tabora. Mtemi wake akipata mfanya biashara mwenye bunduki na nguo, na mwenye jina kule pwani, aweza kuipitisha njia ya Ziwa kwake bila kuwaomba Waarabu ruhusa. Kumpa mgeni huyo mke ni kumfanya mkwe, na mkwe ana wajibu. Hana budi kurudi kwa wakwe zake na kuweka mali yake kwao, na wanapopigana hawezi kusema kwamba hayamhusu. Mirambo mwenyewe alikuwa amefanya jambo la namna hiyo kwa Mswisi Philippe Broyon, mfanya biashara aliyeoa katika nyumba yake. Ilikuwa siasa ya ikulu, na neno hilo la ikulu, ambalo Kiswahili kimelichukua kutoka lugha za huko huko, halikuwa na uchache wa maana katika Usongo.

Faida ya Stokes ilikuwa watu. Kabla ya ndoa aliajiri wapagazi mmoja mmoja. Baada yake alipata makundi yaliyokuja na wanyapara wao, waliomjua mtemi na kujulikana naye. Mtu akimtoroka Stokes, alimtoroka mkwe wa Mitinginya. Hivyo katika miaka michache msafara wake ukawa mkubwa kuliko wa Mzungu yeyote katika njia ile, watu elfu moja, elfu mbili, na wakati mwingine zaidi. Wamisionari waliomkana waliendelea kumhitaji. Mwaka wa 1890 Askofu Alfred Tucker alipokwenda Buganda kwa mara ya kwanza, alisafiri katika msafara wa Stokes. Hapana shaka alijua habari za Limi. Alijua vile vile kwamba bila Limi asingefika.

Jambo hili si geni katika historia ya wafanya biashara. Katika karne ya kumi na saba Waholanzi walikuwa na koloni Marekani ya Kaskazini katika bonde la mto Hudson, na katika kijiji chao cha Beverwijck, ambacho leo ni mji wa Albany, walinunua ngozi za biva kutoka kwa Wamohawk. Ngozi hizo zilikuwa pembe zao. Sheria ya mwaka wa 1639 ilikataza kuwauzia Wahindi Wekundu bunduki, na adhabu yake ilikuwa kifo. Bunduki ziliuzwa hata hivyo, maana mwenye ngozi alitaka bunduki, na asiyemwuzia alikosa ngozi. Miongoni mwa Waholanzi hao Arent van Curler aliaminiwa na Wamohawk kuliko wote. Alikwenda katika miji yao na kusema nao kwa heshima. Alipokufa maji mwaka wa 1667 waliendelea kulitumia jina lake, wakawaita magavana wa Kiingereza wa New York, mmoja baada ya mwingine, kwa jina la Corlaer. Mtu mmoja akawa cheo. Yaonekana mahali popote ambapo dola ya kigeni haijafika lakini bidhaa zake zimefika, hutokea mtu wa katikati wa namna hii, na wenyeji ndio wanaomchagua. Dola ifikapo kwa nguvu zake, mtu huyo huwa ametangulia kupata adui.

Biashara ya Stokes ilikuwa pembe, na pembe haikununuliwa kwa nguo peke yake. Iliulizwa bunduki na baruti. Hapa hapafai kumsafisha. Bunduki alizoziuza hazikutundikwa ukutani. Ziliingia katika vita vya watemi, na katika vita hivyo watu walitekwa na kuuzwa, na tembo waliuawa nchi baada ya nchi hata wawindaji wakalazimika kwenda mbali zaidi kila mwaka. Stokes hakuwa mfanya biashara ya watumwa, lakini aliuza vyombo vilivyorahisisha biashara hiyo, naye hakuwa mjinga asijue. Tofauti yake na wengine ni kwamba wengine walifanya hayo hayo kwa jina la kampuni au la serikali.

Kubwa alilolifanya kwa bunduki zake ni habari ya Mwanga. Kabaka huyo wa Buganda alipinduliwa mwaka wa 1888, akakimbilia upande wa kusini wa Ziwa, mwisho akapata hifadhi kwa Mapadre Weupe huko Bukumbi. Hakuwa na jeshi wala chombo cha kuvukia. Stokes alikuwa na mashua na silaha, naye mwaka wa 1889 alikubali kumrudisha. Wakristo wa Buganda, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, wakapigana chini ya Mwanga, na mwezi wa Oktoba mwaka ule Kabaka akaingia tena katika mji wake. Stokes alilipwa kwa pembe. Ni vigumu kutaja mtu mwingine wa faragha, asiye na cheo wala jeshi la serikali, aliyegeuza ufalme wa Ziwa kwa mashua moja. Waingereza walipokuja kuitawala Buganda walimkuta Mwanga kitini, na mara nyingi husahauliwa kwamba alirudishwa na mkwe wa Mitinginya.

Mwaka wa 1890 ulibadili kila kitu. Tarehe 1 Julai Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano ya mipaka, na nchi yote ya kusini ya Ziwa, Usongo na Usukuma pamoja, ikawa ya Wajerumani bila ya mtemi hata mmoja kuulizwa. Siku iliyofuata Mkataba wa Brussels ulitiwa saini na dola nyingi, na ndani yake palikuwa na sharti la kuzuia silaha za kisasa zisiingie Afrika ya kati. Kwa siku mbili, mezani Ulaya, Stokes alifanywa mgeni katika nchi ya Wajerumani na mhalifu katika biashara yake. Aliyokuwa akiyafanya Mei yalikuwa biashara. Agosti yalikuwa magendo.

Alijaribu kutafuta mahali. Wajerumani walikuwa wametoka tu kupigana vita vya pwani na Abushiri na Bwana Heri wa Saadani, nao barani hawakuwa na askari wa kutosha wala watu waliojulikana. Mwaka ule wa 1890 Emin Pasha alikuja Tabora kwa niaba yao, na Stokes akaingizwa katika utumishi wa Kijerumani, kwa kuwa ndiye aliyeweza kusema na watemi wakamsikia. Hakukaa sana. Yeye na Emin hawakupatana, na mtu aliyezoea kukubaliana na wakwe hakuweza kupokea amri za maafisa. Upande wa pili Waingereza walimtazama kwa hasira kama msaliti aliyewasaidia Wajerumani. Frederick Lugard alipofika Buganda mwezi wa Desemba, 1890, mojawapo ya hofu zake kubwa ilikuwa bunduki na baruti za Stokes, zisije zikafika mikononi mwa mahasimu wake. Bunduki zilizomrudisha Mwanga zilikuwa baraka. Zilizokuja baadaye zilikuwa hatari. Zilikuwa bunduki za namna moja, kutoka duka moja.

Wakati huo pembe ilikuwa imekwisha karibu na Ziwa. Iliyobaki ilikuwa magharibi, katika misitu ya Kongo, mikononi mwa wafanya biashara Waswahili na Waarabu. Tippu Tip, mkubwa wao, aliyehadithia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, alikuwa amerudi Unguja akastaafu. Waliobaki walikuwa wakipigana na Wabelgiji wa Mfalme Leopold katika vita vilivyoanza mwaka wa 1892, na walishindwa mahali baada ya mahali. Kwa mfanya biashara hapo palikuwa na nafasi na mauti pamoja: watu wanaoshindwa wana pembe nyingi na haja kubwa ya silaha.

Stokes alitoka katika nchi ya Wajerumani mwaka wa 1894 na msafara mkubwa, akaelekea Ituri. Katika msafara huo walikuwamo Wanyamwezi wengi. Jeshi la Kongo pande hizo liliongozwa na Kapteni Hubert Lothaire, Mbelgiji. Lothaire alikuwa amemkamata Kibonge, aliyelaumiwa kwa kuuawa kwa Emin Pasha mwaka wa 1892, na mwanzoni mwa Januari, 1895, akamwua. Kwa Kibonge huyo ilipatikana barua ya Stokes. Lothaire akaamini, au akapenda kuamini, kwamba Stokes alikuwa akiwapelekea adui zake silaha.

Luteni Josué Henry alitumwa na askari kama sabini. Aliikuta kambi wakati sehemu ya watu wake imekwenda msituni kutafuta chakula, akamkamata Stokes ndani ya hema yake. Hapakupigwa vita. Hili nalo linaeleza mengi kuliko linavyoonekana: nguvu ya Stokes ilikuwa watu wake, na siku ile watu wake walikuwa wakitafuta chakula. Akapelekwa Lindi, mahali pa Kongo penye jina moja na mji wetu wa pwani ya kusini, ambako Lothaire alikuwa akimngoja. Baraza la vita likakaa. Hapakuwa na wakili wala karani, hukumu haikusomwa, na haki ya kukata rufani, aliyokuwa nayo kwa sheria za dola ile yenyewe, hakupewa. Alfajiri ya tarehe 15 Januari alinyongwa. Alikuwa na umri wa miaka kama arobaini na mitatu. Pembe na mali zake zikatwaliwa.

Habari zilifika Ulaya polepole. Agosti mwaka ule magazeti ya London yalizishika, na mara Stokes, ambaye Waingereza walimwita msaliti na mwuza baruti, akawa raia wa Uingereza aliyedhulumiwa. Ujerumani ililalamika vile vile, kwa sababu alitoka katika nchi yake na watu aliowachukua walikuwa wa nchi yake. Serikali ya Kongo ililipa faranga 150,000 kwa Uingereza na faranga 100,000 kwa Ujerumani. Lothaire alishtakiwa kwa kifo cha Stokes mbele ya mahakama ya Boma, akaachiliwa mwezi wa Aprili, 1896. Rufani ikapelekwa Brussels, na Agosti akaachiliwa tena. Kwa amri mpya, maafisa wa jeshi wakakatazwa kuwanyonga Wazungu kwa hukumu ya baraza la vita.

Msomaji aitazame amri hiyo kwa makini. Iliwahusu Wazungu. Katika mwaka ule ule wa 1895, na katika msitu ule ule, wenyeji wa Kongo walikuwa wakiuawa na kukatwa mikono kwa sababu ya mpira, na magazeti yaliyopiga kelele kwa ajili ya mtu mmoja hayakuwapigia hao kelele za namna hiyo mpaka miaka kadhaa baadaye, E. D. Morel na wenzake walipofanya kampeni yao. Wanahistoria husema kwamba kesi ya Stokes ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyofumbua macho ya Waingereza juu ya utawala wa Leopold. Ni kweli. Lakini macho hayo yalifumbuliwa na mzoga mmoja mweupe, na ukweli huo haufai kuachwa nje ya hesabu.

Wala hesabu haikamiliki kwa kuhesabu Wazungu na dola zao. Kesi ilimhusu Stokes na fidia ilihusu serikali. Wapagazi waliotoka kwao wakati wa kiangazi kwa mapatano ya kurudi kulima, wakaachwa katika msitu wa mvua wasioujua lugha, pasipo posho na pasipo yule aliyewajibika kuwarudisha, hawakuwa upande wowote katika mahakama ya Boma. Wao ndio waliokuwa mtaji. Bila wao Stokes angekuwa karani wa Liverpool aliyefukuzwa na wamisionari. Katika maisha yake aliyafahamu hayo vizuri kuliko Mzungu yeyote wa zamani zake, na hii ndiyo sifa yake ya kweli, ambayo haiondolewi na baruti wala na makosa mengine. Hata safari yake ya mwisho haiifuti sifa hiyo, ingawa inaitia doa, kwa sababu aliwachukua watu wa mbuga mahali ambapo ukwe wa Usongo haukuwa na thamani.

Utawala uliomfuata haukuhitaji tena wakwe. Isike alikuwa amekwisha kushindwa Tabora mwezi wa Januari, 1893. Baada ya muda ikaja kodi, ambayo ilimlazimisha mtu kutafuta kazi hata kama mtama wake haujavunwa, na mwaka wa 1912 reli ya kati ikafika Tabora, ikachukua kwa siku chache mzigo uliokuwa ukichukuliwa kwa miezi mitatu. Njia ya Usongo ikaota majani. Vijana wa Usukuma na Unyamwezi waliendelea kusafiri, sasa kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya pwani, na baadaye kwenye migodi ya dhahabu ya Geita na ya almasi ya Mwadui; lakini huko hakuna bwana aliyelazimika kungoja msimu wao wa kulima.

Stokes aliacha mtoto mwanamume kwa mwanamke aitwaye Nanjala, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1895 baba yake alipokufa. Aliitwa Charles Kasaja Stokes, na kizazi chake kikaendelea Uganda, kwa jina hilo hilo la Stokes.